Alama ya Ng'ombe Wetu Mkononi Mwangu

Jumamosi, 2 Agosti

Nimeshafanya! Mkono wa kushoto, upande wa ndani, chini ya kiwiko. Pembe mbili na nukta katikati — alama ya ng'ombe wetu. Babu ndiye aliyeipanga, papa akairithi pamoja na chuma chake cha kuchomea. Chuma kilibaki kule kijijini siku tuliyokimbia, na ng'ombe walichukuliwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo leo ngozi pekee yenye alama ile ni yangu. Nilipowaza hivyo kwenye kiti cha Hubert nilitaka kulia, halafu sindano ikanipa sababu nyingine.

Hubert anachora watu tatuu nyuma ya saluni ya wanaume, karibu na barabara kubwa. Mashine aliinunua Kampala, hachoki kusema hivyo. Nilimpa picha kwenye simu: paja la Bihogo, yule ng'ombe mwekundu ambaye papa alimpenda kuliko wote. Alama inaonekana vizuri. Hubert akavaa glavu, akafungua sindano mpya mbele yangu. Vizuri. Wino ukawa mzito, akaupunguza na maji. Maji ya bidoni, lile dumu la pale chini mlangoni. Niliona. Mtu ameshika sindano, utaanza kumfundisha kazi?

Maagizo: kuosha kwa sabuni na maji yaliyochemshwa, kukausha kwa kitambaa safi bila kusugua, mafuta ya pomade kidogo sana, nisikwaruze, nisiweke juani, na asiguse mtu mwingine. Nimeitikia yote.

Bado sijui nitamwonyesha papa vipi. Nilifanya kwa ajili yake — au kwa ajili yangu? Tangu tufike Bunia hajatamka jina la ng'ombe hata mmoja. Anakaa na redio yake, anajibu ndiyo, anajibu hapana. Hata jina langu ameliweka kando. Ni "weye" tu. Weye, chakula. Weye, funga mlango. Nataka aongee, basi. Labda akiona ataongea. Labda atanifukuza.

Jumapili, 3 Agosti

Mikono mirefu kanisani. Kitambaa kinakwangua. Wakati wa kupiga makofi niliimba tu, mikono chini, na mama mmoja wa kwaya akanitazama kama mtu aliyerudi nyuma kiimani. Papa hakuona kitu. Papa haoni kitu chochote siku hizi.

Jumatatu, 4 Agosti

Inawasha! Na ni nyekundu kidogo. Hubert alisema wekundu wa mwanzo ni kawaida. Kidogo ni kiasi gani? Alipaswa kunionyesha kwa kidole.

Musoki ameiona. Tunashona meza moja, yeye vifungo na mimi mashine, na kumficha kitu Musoki ni kazi bure. Alisema nzuri sana, halafu akauliza mbona sikuweka ua. Halafu akatoa kapsula kwenye pochi, ile ya rangi mbili. Kwao Butembo kila kidonda kinafunguliwa kapsula, unga unamwagwa juu, kesho kimekauka. Nikasema hiki si kidonda, ni mchoro. Akasema kama damu ilitoka, ni kidonda. Akamwaga.

Unga ulishika kama simenti. Nikampigia Hubert. Akafoka: dawa ya kumeza inamezwa, tena muganga akikuambia, si unga wa kupaka ukuta! Niliporudi nyumbani nikaosha. Ukoko ukang'oka na wino wake. Nukta ya katikati sasa ina kishimo.

Nimemsikiliza Musoki kwa nini? Kwa sababu alikuwa karibu na Hubert alikuwa mbali. Hiyo ndiyo akili yangu yote.

Jumanne, 5 Agosti

Ameiona.

Nilikuwa uani nafua, mkono wa blauzi umepanda, papa akatokea nyuma yangu. Akasimama. Aliitazama mpaka povu likanikaukia vidoleni. Akaingia ndani, akachukua kofia, akatoka barabarani bila kuaga. Papa, ambaye hata kununua betri za redio ananituma mimi!

Sikula. Nilipanga maneno ya kujitetea, nikayapangua. Kama ana hasira, ni ya kuchora mwili? Au ni ya kuweka alama ya mnyama juu ya mtu? Au nimemkumbusha kitu alichokuwa amekifukia?

Alirudi jioni na kopo. La maziwa ya unga, kuukuu, kifuniko kimeingia kutu. Samli. Ameipata kwa mzee mmoja wa upande wetu ambaye bado ana ng'ombe wachache nje ya mji. Akaiweka karibu na makaa ipate moto, akavuta kiti.

"Leta mukono," akasema.

Akachota kwa kidole, akapaka. Nyingi, nene, kama anaziba ufa. Akasema, "Ndama, ukimaliza kumuchoma alama, haumuachake mukavu. Ngozi itapasuka. Unamupaka mafuta ya mama yake."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyoyasikia kwake tangu tuhamie hapa. Na nilikumbuka vizuri: pomade kidogo sana, asiguse mtu mwingine. Nilikiona kidole pia — kina tumbaku kwenye kucha. Nikanyoosha mkono.

Alhamisi, 7 Agosti

Anapaka asubuhi, anapaka jioni. Na anaongea! Leo amesimulia Bihogo alivyokataa kuvuka kijito mpaka papa mwenyewe atangulie majini na suruali yake ya kanisani. Alicheka. Nilikuwa nimesahau jino lake la pembeni limevunjika.

Na mkono una moto. Si moto wa jua, ni wa ndani, unapiga pamoja na moyo. Kuna vipele pembeni mwa pembe ya kushoto. Papa anaangalia alama, mimi naangalia uso wake, vipele haviangaliwi na mtu.

Akitoka, naosha samli yote kwa sabuni. Akirudi anaona pakavu, anasikitika, anazidisha. Mmoja anapiga deki, mwingine anamwaga maji. Nimwambie? Nikimwambia aache, ataacha na habari za Bihogo. Najua. Au sijui. Labda vipele vitakwisha vyenyewe.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku mbaya.

Mteja alikuja kupima gauni la harusi. Nikanyoosha mkono kumpima kiuno, blauzi ikapanda. Akaviona vipele — sasa vina vichwa vyeupe. Akauliza kama si ule ugonjwa wa vipele ambao redio inausema. Akavuta kiti chake mpaka mlangoni. Musoki akanitetea kwa sauti, eti huu ni urembo, si ugonjwa! Patronne, bosi wetu, akaja, akatazama, akasema urembo unaotoa usaha haukai karibu na gauni jeupe. Niende nyumbani, nirudi nikipona.

Ana haki. Kulikuwa na doa la njano kwenye bitana ya gauni. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikapita kwa Hubert. Akauliza napaka nini. Nikasema pomade. Akasema sindano yake ilikuwa mpya, nilishuhudia mwenyewe. Nikamuuliza juu ya maji ya bidoni. Akapanga chupa zake za wino ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Baadaye akasema maji yalikuwa safi. Safi ya nani? Niliondoka na hasira, na nusu ya njia hasira ikageuka — mimi nimemdanganya juu ya samli, yeye labda ananidanganya juu ya maji, na mkono wangu upo katikati hauelewi kitu.

Jumapili, 10 Agosti

Sikwenda kanisani. Baridi, halafu joto, halafu baridi. Papa anasema hata ndama anatetemeka kidogo. Amepaka.

Jumatatu, 11 Agosti

Musoki amekuja na mototaksi mpaka mlangoni, akanipandisha nyuma yake kama mzigo wa mihogo. Kituo cha afya. Infirmier, muuguzi wa pale, anaitwa Tharcisse, mrefu, miwani imefungwa kwa uzi. Alinawa, akavaa glavu, akabonyeza pembeni. Nikaona nyota.

Akauliza nimeweka nini. Nikasema wino ulipunguzwa na maji ya bidoni. Nikasema kapsula. Musoki akatazama dari. Nikaishia hapo. Tharcisse akainamisha pua.

"Na hii mafuta ya ngombe, nani anapaka?"

Nikasema mimi mwenyewe. Musoki alijua ni uongo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusema kitu.

Tharcisse akasema nimeupikia mkono mchuzi wa aina tatu. Nikamwomba aniambie ni ipi kati ya hizo tatu iliyoharibu. Akasema kwa macho hawezi kujua. Labda maji, labda mikono, labda kopo, labda yote. Nilitaka jina moja! Nilitaka sana liwe la Hubert.

Sindano ya pepopunda kwanza. Halafu vidonge vya kumeza mpaka viishe, hata kama mkono utaonekana mzuri kabla havijaisha. Kuosha kwa maji yaliyochemshwa, kufunika na kitambaa safi alichonipa. Mafuta ya aina yoyote, hapana. Akachukua kalamu ya bic, akachora mstari kuzunguka wekundu wote. Wekundu ukivuka mstari, nirudi saa ile ile. Homa ikipanda, nirudi. Mshipa mwekundu ukielekea kwapani, nisisubiri hata kuvaa viatu.

Jioni papa akavuta kiti, kopo limeshapata moto. Maneno nilikuwa nayo mdomoni, mazuri, yenye heshima. Nikafungua kinywa. Akatangulia yeye: Bihogo alizaliwa siku ya mvua ya mawe, mama yake alimlalia kumkinga, mwezi mzima mgongo wa mama ukawa na mabaka. Alisimulia macho yakiwa mbali, mkono wake umeshika wangu.

Nikafungua kitambaa. Nikamwomba apake pembeni tu. Akapaka pembeni, taratibu, kwa upendo. Pembeni ndipo ulipo mstari. Wino wa bic ukaanza kufutika chini ya kidole chake na mimi nikiangalia.

Mjinga wewe, Dorothée. Nakuandikia wewe mwenyewe usome kesho.

Jumatano, 13 Agosti

Wekundu umevuka. Mstari ulikuwa umefutika upande mmoja, kwa hiyo jana nilijidanganya kwamba labda haujavuka. Leo hata kipofu angeona.

Nimemwambia papa. Nilisema vibaya, nilisema kwa hasira ambayo haikuwa yake. Nilisema mafuta yananiua, kopo ni chafu, mimi si ndama. Halafu nikasema muganga amekataza tangu Jumatatu.

Akauliza, "Tangu siku ya kwanza?" Siku ya kwanza kwake ni Jumatatu. Nikasema ndiyo.

"Na juzi uliniachaka nipake."

Nikasema ndiyo. Akauliza kwa nini. Nilitaka kusema: kwa sababu ulikuwa unaongea, papa. Kwa sababu ulicheka. Haikutoka. Nikasema sijui.

Akafunga kopo, akalitoa nje. Akarudi, akawasha redio. Habari, matangazo ya vifo, wimbo, habari tena. Hakunitazama. Kwa hiyo nimepoteza vyote viwili — mkono unaoza na papa amerudi alikokuwa. Nilimeza vidonge, nikalia kwenye mto ili redio isisikie. Kwenda kituoni nitakwenda kesho na Musoki. Sina nguvu ya kuomba mtu hapa.

Alhamisi, 14 Agosti

Kituo cha afya, kwenye benchi. Musoki amenibebea pochi, daftari hili lilikuwa ndani. Naandika ili nisiangalie meza ya vyombo.

Mkono umevimba kama mkate. Chini ya pembe ya kushoto kuna uvimbe laini, ukiugusa unacheza. Kwapani kuna tezi. Mshipa mwekundu umefika nusu ya njia ya kwapa. Tharcisse hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Amesema ndani kuna usaha, vidonge peke yake havitaufikia, lazima afungue leo, asafishe. Akaniwekea kidole kuonyesha atakapokata. Kutoka ncha ya pembe ya kushoto mpaka kwenye nukta. Alama yote itagawanyika.

Nikasema apite pembeni. Akasema usaha hauko pembeni. Nikasema basi dawa ya sindano kwanza, tungoje kesho. Akasema dawa ya sindano atanipa pia, lakini kesho anaweza kuwa anazungumza juu ya damu yangu nzima, si juu ya mkono. Nikasema hapana. Nimesema hapana mara nyingi mpaka mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasogea mbali.

Hawaelewi. Chuma kimepotea. Ng'ombe wamepotea. Papa aliipata tena kwenye ngozi yangu, akacheka, nami nikaenda kumfokea. Sasa niikate pia? Nitarudi nyumbani na nini?

Musoki ametoka. Alisema anakwenda kununua maji. Nimemwona dirishani anapanda mototaksi.

Baadaye. Kumbe maji gani! Amemleta papa.

Papa ameingia na kofia mkononi. Nilitafuta kopo kwa macho — hana kopo. Amemsalimia Tharcisse, akauliza hali, akajibiwa yote bila kupunguziwa. Amesikiliza ameinama. Akanitazama mkono, akanitazama uso. Nikaanza kumwambia kwamba nimekataa, kwamba alama itaharibika, kwamba samahani kwa jana. Amemuuliza Tharcisse atakata wapi. Tharcisse akaonyesha na kidole kile kile.

"Kata," papa akasema.

Nikasema, papa, ndiyo ya mwisho. Hakuna ingine.

Akavuta benchi mpaka magoti yetu yakagusana. "Alama ilikuwa ya kujua ngombe gani iko yetu," akasema. "Weye nakujua bila alama."

Nimeandika maneno yake upesi kabla sijayachanganya. Sijui kama ni msamaha. Sijui kama kesho ataongea au atawasha redio.

Tharcisse amemwambia kama anataka kunishika anawe kwanza. Yupo kwenye bomba. Ananawa kwa sabuni, vidole, kucha, viganja, mpaka kwenye viwiko, anasuuza, anaanza tena. Hakuna aliyemwambia arudie.

Amerudi. Mikono ameiinua juu, matone yanadondoka kwenye viatu vyake. Amepita nyuma yangu, mkono mmoja begani kwangu, mwingine umenibana kiwiko kwenye meza, namna ile ile aliyokuwa akiwashika ndama. Ananuka sabuni. Tharcisse amekaa, anaomba nitulie.

"Doro," papa anasema sikioni, "weka kalamu."